Miaka 140 ya Kanisa Kuu la Mbao la Paramaribo

Julai 2025, Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo mjini Paramaribo, Surinam, lilitimiza miaka 140 tangu lilipowekwa wakfu. Ni kanisa la mbao kuanzia nguzo hadi dari. Minara yake miwili ina urefu wa mita 44, nalo huhesabiwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa ya mbao katika bara zima la Amerika. Limesimama katika nchi ya mvua nyingi, joto la mwaka mzima, mchwa wasiolala na historia ndefu ya mioto. Kwa hesabu ya kawaida ya ufundi, lilipaswa kuwa limekwisha kuanguka zamani.

Halikuanguka, na sababu haiko kwenye mbao peke yake. Katika miaka hiyo 140 kanisa hili limefika ukingoni mwa kupotea, na kila lilipofika huko wamejitokeza watu walioamua kwamba halitapotea. Jengo la mawe linaweza kusahauliwa kwa karne nzima na bado likakutwa limesimama. Jengo la mbao halina uvumilivu huo: kizazi kimoja kikilala, kinachofuata hakikuti kitu. Historia ya kanisa hili ni historia ya vizazi vilivyokataa kulala.

Wakatoliki katika koloni la Waprotestanti

Surinam iko pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini, kati ya Guyana na Guyana ya Kifaransa. Waholanzi waliitwaa mwaka 1667, na Mkataba wa Breda wa mwaka huohuo ukaithibitisha mikononi mwao. Kwa karne mbili waliiendesha kama koloni la mashamba makubwa ya miwa, kahawa na pamba, yaliyolimwa kwa jasho na damu ya Waafrika waliosafirishwa utumwani kuvuka Bahari ya Atlantiki. Paramaribo, kando ya mto Surinam, ndiyo iliyokuwa bandari na makao ya serikali.

Dini ya watawala ilikuwa Uprotestanti wa Matengenezo, na Wakatoliki hawakuwa na nafasi. Wafransisko watatu waliingia nchini mwaka 1683, wakati wa Gavana Cornelis van Aerssen van Sommelsdijck, lakini haikuchukua miaka mingi wote wakawa wamefariki. Baada yao ulipita muda wa karibu miaka mia moja bila utume wa Kikatoliki wa kudumu. Ruhusa ya kuabudu hadharani ilipatikana tu katika miaka ya 1780, na mwaka 1787 Wakatoliki wa Paramaribo wakafungua kanisa lao la kwanza.

Kama karibu kila nyumba ya mji huo, lilikuwa la mbao. Pwani ya Surinam haina mawe ya kujengea. Ardhi yake ni tope na udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mito na bahari, na mitaa ya zamani zaidi ya Paramaribo ilifuata matuta ya mchanga na makombe ya baharini, kwa kuwa hapo tu ndipo palikuwa pakavu na pagumu. Matofali yaliletwa kwa merikebu kutoka Uholanzi, yakatumika kwa uangalifu kwenye misingi na ngazi za mbele. Lakini misitu ilikuwepo, na ipo hadi leo: zaidi ya asilimia 90 ya nchi ni msitu. Kwa hiyo mji ukajengwa kwa kile kilichokuwepo, yaani msingi wa matofali chini na nyumba ya mbao juu yake.

Mji wa aina hiyo unapoungua hauungui nyumba moja. Januari 1821 moto mkubwa ulipita katikati ya Paramaribo, ukateketeza mamia ya majengo, na kanisa la Wakatoliki likiwa mojawapo. Waumini walipoteza kwa siku moja kile ambacho wazee wao walikuwa wamekingojea kwa karne.

Ukumbi wa maigizo wageuka kanisa

Ndipo ukaja mgeuko ambao wageni wengi wanaotembelea kanisa hili husikia kwa mshangao. Wayahudi wa Surinam walikuwa jumuiya ya zamani na yenye nguvu nchini humo, lakini hawakukaribishwa katika kumbi za maigizo za Wazungu wengine wa mji. Wakaanzisha chama chao cha maigizo, wakakiita De Verreezene Phoenix, yaani Feniksi Aliyefufuka. Ukumbi wao wa mbao ulijengwa mwaka 1809 kwenye mtaa uliojulikana wakati huo kama Gravenstraat, mmoja wa mitaa iliyofuata matuta yale ya makombe.

Mwaka 1826 Wakatoliki waliununua ukumbi huo na kuugeuza kanisa. Palipokuwa na jukwaa la waigizaji pakawekwa altare. Jumuiya moja iliyobaguliwa ikairithi nyumba ya jumuiya nyingine iliyobaguliwa, na misa ikaendelea humo kwa zaidi ya nusu karne.

Nyumba hiyo ilinusurika pia moto mkubwa wa pili, wa Septemba 1832. Moto huo una jeraha lake katika kumbukumbu ya Surinam: vijana watatu watumwa, Kodjo, Mentor na Present, walihukumiwa kwa kuuwasha, na Januari 1833 wakachomwa hai hadharani mjini humo. Nauandika hapa kwa sababu kanisa la Gravenstraat halikuwa mbali na maisha hayo. Waumini wake wengi walikuwa watumwa, au watu walioachwa huru, au watoto wao. Mbao zilizojenga mji zilipasuliwa na watumwa, na ufundi wa useremala ulioupa mji sura yake ulipita katika mikono ya Waafrika na wazao wao kwa vizazi.

Utumwa ulifutwa Surinam tarehe 1 Julai 1863, baadaye kuliko katika makoloni ya Uingereza na Ufaransa. Hata hivyo waliokombolewa walilazimishwa kufanya kazi mashambani kwa mikataba chini ya usimamizi wa serikali kwa miaka kumi zaidi, hadi 1873. Uhuru kamili ulipofika, wengi walihamia Paramaribo. Mji ukajaa, na kanisa lililozaliwa kama ukumbi wa maigizo likawa dogo.

Waredemptori na Bruda Harmes

Mwaka 1866 utume wa Surinam ulikuwa umekabidhiwa kwa Shirika la Mkombozi Mtakatifu, maarufu kama Waredemptori, na mapadri na mabruda wake wakaanza kuwasili kutoka Uholanzi. Walikuta kazi iliyotawanyika: mji wenye watu wengi, mashamba yaliyofikiwa kwa mtumbwi tu, vijiji vya wenyeji wa asili kando ya mito, na makazi ya wakoma kwenye mto Coppename. Mji ulihitaji kanisa linalotosha watu wake, na linalostahili kuwa makao ya askofu.

Aliyeamua ni Askofu Johannes Schaap. Aliyechora na kusimamia ni mwenzake wa shirika, Bruda Frans Harmes. Yafaa jina la bruda huyu likumbukwe pamoja na la askofu wake, maana mara nyingi katika historia za makanisa mabruda hutajwa kwa jumla tu, ilhali wao ndio walioshika msumeno, randa na patasi.

Ujenzi ulianza Januari 1883, mahali palepale palipokuwa na ukumbi wa 1809. Julai 1885 kanisa likawekwa wakfu. Kwa jengo la ukubwa huo, miaka miwili na nusu ni muda mfupi sana, na mbao ndizo zilizowezesha kasi hiyo. Jengo la mbao huandaliwa chini: fundi hupima, hukata na kuunganisha vipande vikiwa vimelala, kisha husimamisha nguzo na boriti na kuzifunga. Hakuna kusubiri chokaa ikauke, wala kungoja ukuta upate nguvu ndipo upandishwe mwingine. Uzito nao ulikuwa wa kufikiriwa. Kanisa la mawe la ukubwa ule, kwenye ardhi ile laini, lingehitaji misingi ambayo utume usingeweza kuigharimia.

Minara ilibidi ingoje. Askofu Schaap alifariki mwaka 1889 bila kuiona, na kazi ikaendelezwa na mrithi wake, Askofu Wilhelmus Wulfingh. Mwaka 1901, miaka 16 baada ya kuwekwa wakfu, minara yote miwili ilikamilika na kanisa likapata sura linayojulikana nayo hadi leo.

Lilivyojengwa

Anayefika kutoka mtoni huiona minara kwanza. Imesimama kulia na kushoto mwa uso wa kanisa, yenye vilele vilivyochongoka, juu ya mji ambao hadi leo una nyumba nyingi za ghorofa moja au mbili. Kuta za nje ni za mbao zilizopakwa rangi ya njano iliyopoa na kijivu, na madirisha yamepangwa kwa safu ndefu pande zote mbili za jengo. Kanisa lina urefu wa takriban mita 59.

Bruda Harmes alifuata mitindo iliyopendwa na wajenzi wa makanisa wa Ulaya ya karne ya 19, ambao walirudia umbo la makanisa ya Zama za Kati: Kiromaneski kwa baadhi ya sehemu, Kigothi kwa nyingine. Hayo ni maumbo yaliyobuniwa kwa ajili ya mawe. Tao la mawe husimama kwa sababu kila jiwe linasukuma lenzake, na dari ya mawe huhitaji kuta nene za kuzuia msukumo huo. Mbao hazifanyi kazi hivyo. Mbao hubeba kwa kuvutwa na kukunjwa, si kwa kukandamizwa peke yake. Kwa hiyo seremala wa Paramaribo hakuiga ujenzi wa mawe. Alijenga mifupa ya nguzo, boriti na kenchi inayojitegemea, kisha akaipa umbo la matao na dari iliyopinda. Macho yanaona kanisa la Ulaya, lakini ndani ya kuta na juu ya dari kuna akili ya seremala.

Ukiingia ndani, rangi yote inaisha. Kinachokupokea ni mbao za mwerezi wa Surinam, zilizoachwa bila rangi, zenye kahawia ya dhahabu kuanzia nguzo hadi dari. Nguzo zimepangwa safu mbili, zikitenga ukumbi wa katikati na njia za pembeni, na vichwa vyake vimechongwa nakshi. Juu yake yanapita matao, na juu ya matao hayo dari imefunikwa kwa mbao zilezile. Mwanga unaoingia kwa madirisha ya juu hauakisiwi kama kwenye chokaa nyeupe. Hunywewa na mbao na kurudi ukiwa umepoa. Katika nchi yenye jua kali kama ile, kuingia humo ni kupumzisha macho kabla hata ya kupiga goti.

Mwerezi huo hauna undugu na ile mierezi ya Lebanoni inayotajwa katika Biblia. Wataalamu wa misitu huuita Cedrela odorata, nao ni wa familia moja na mkangazi wetu. Wasomaji wa Tanzania huenda wameuona bila kujua jamaa zake, kwani ulipandwa na wataalamu wa misitu katika maeneo kadhaa, ukiwemo msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, ambako umeenea kiasi cha kuisumbua miti ya asili. Mbao zake ni nyepesi, hazipindi sana zikikauka, huchongeka kwa urahisi, na zina harufu kali ambayo wadudu wengi hawaipendi. Ni sifa zinazomfaa mchonga nakshi na mpambaji wa ndani. Kwa kubeba uzito, misitu ya Surinam ina miti mingine migumu na mizito zaidi, na ujuzi wa kujua mti gani uwekwe wapi ndio uliokuwa elimu kuu ya maseremala wa mji huo.

Elimu hiyo ilikuwa pia ya kupambana na maji. Nyumba ya mbao katika tropiki huokolewa na mambo yasiyoonekana kwenye picha: kuinuliwa juu ya msingi wa matofali ili mbao zisiguse udongo, paa lenye mteremko mkali ili mvua isitulie, mbao za kuta zilizopandana ili maji yateremke nje, na hewa inayopita kila mahali ili unyevu usijifiche. Rangi ya nje ni ngozi ya jengo. Ikichubuka, mvua huingia. Mvua ikiingia, kuvu na mchwa hufuata.

Kaburi la Petro Donders

Kanisa hili halitembelewi kwa ajili ya mbao zake tu. Ndani yake amezikwa Mwenyeheri Petro Donders, ambaye watu wa Tilburg, mji wake wa kuzaliwa nchini Uholanzi, humwita Peerke kwa upendo.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1809, mtoto wa mfumaji maskini. Alipewa upadri mwaka 1841, na Septemba 1842 akafika Paramaribo. Kwa miaka kadhaa alizungukia mashamba akifundisha na kubatiza watumwa, na barua zake nyumbani zinaonyesha alivyoumizwa na ukatili aliouona mashambani, akiulaani kwa maneno mazito. Alihubiri pia katika kanisa lile lililokuwa ukumbi wa maigizo.

Mwaka 1856 alikwenda Batavia, makazi ya wakoma kwenye mto Coppename, ambako serikali ilikuwa ikiwatenga wagonjwa, wengi wao watumwa. Huko aliishi karibu maisha yake yote yaliyobaki. Aliosha vidonda, alidai wagonjwa wapatiwe huduma bora na serikali, na alizika wafu. Waredemptori walipokabidhiwa utume, yeye, akiwa na umri wa miaka 57, aliomba kupokewa katika shirika lao, akaanza unovisi kama kijana. Alifariki Batavia tarehe 14 Januari 1887, mwaka mmoja na nusu tu baada ya kanisa kuu kuwekwa wakfu.

Alizikwa kwanza katikati ya wagonjwa wake. Makazi ya Batavia yalipofungwa, mabaki yake yalihamishiwa Paramaribo mwaka 1900, na mwaka 1921 yakaingizwa katika kanisa kuu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri tarehe 23 Mei 1982. Tangu alipolazwa humo, kanisa limekuwa pia mahali pa hija. Watu huja kuomba na kuacha maua, na miongoni mwao wapo wasio Wakatoliki.

Kwangu, kaburi hilo linalipa jengo maana yake. Kanisa kuu lingeweza kuwa fahari ya askofu na serikali ya kikoloni. Lakini mtu anayeheshimiwa zaidi ndani yake hakuwa gavana wala mfadhili. Alikuwa mtoto wa mfumaji, na alikuwa mtumishi wa watu ambao koloni lilitaka kuwasahau.

Mji wa dini nyingi

Wakati kanisa linajengwa, Surinam ilikuwa inabadilika tena. Mwaka 1873 wenye mashamba walianza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India, na kuanzia 1890 kutoka Java. Waliletwa Wahindu na Waislamu, na wengi wao hawakurudi makwao. Ndiyo maana Paramaribo ya leo ina sinagogi na msikiti vilivyojengwa ubavu kwa ubavu kwenye mtaa wa Keizerstraat, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kanisa kuu. Kwa sensa ya mwaka 2012, Wakatoliki walikuwa takriban mtu mmoja kati ya watano nchini.

Mwaka 1958 vikarieti ya Paramaribo, yaani eneo la kimisionari ambalo bado si jimbo, ilipandishwa kuwa jimbo kamili, na kanisa la Gravenstraat likawa rasmi kanisa kuu la jimbo. Mwaka 1971 Aloysius Zichem, Mredemptori, akawa mzaliwa wa kwanza wa Surinam kuliongoza jimbo hilo. Tarehe 25 Novemba 1975 nchi ilijipatia uhuru, na baadaye mtaa wenyewe ukapewa jina la Henck Arron, waziri mkuu aliyeiongoza nchi kuufikia uhuru huo. Kanisa lilikuwa limeanza na askofu Mholanzi kwenye mtaa wa kikoloni. Sasa lilikuwa la wenyewe.

Mchwa na milango iliyofungwa

Mchwa hahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Haji kwa kelele. Hula mbao kutoka ndani na kuacha ngozi ya nje, hata boriti ikaonekana nzima hadi siku mtu atakapoibonyeza kwa kidole. Mafundi walipolikagua kanisa kwa ajili ya ukarabati mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuta hali mbaya kuliko ilivyodhaniwa: mchwa walikuwa wameingia kwenye mifupa ya jengo, na jengo lilikuwa limeanza kuinama.

Wakati ulikuwa mgumu kwa nchi nzima. Februari 1980 jeshi lilipindua serikali. Desemba 1982 wapinzani 15 wa utawala huo waliuawa katika ngome ya Fort Zeelandia, si mbali na kanisa, na Uholanzi ikasitisha misaada yake. Mwaka 1986 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka katika maeneo ya ndani. Nchi isiyo na fedha za dawa hospitalini haikuwa na fedha za kubadilisha nguzo za kanisa. Mwaka 1989 kanisa kuu likafungwa kwa sababu za usalama.

Milango ilibaki imefungwa kwa zaidi ya miaka 20. Watoto waliozaliwa mwaka huo wa kufungwa walikua, wakapata kipaimara na hata kufunga ndoa bila kulijua kanisa kuu la jimbo lao kwa ndani. Katika muda huo nchi ilionywa vikali. Tarehe 1 Agosti 1996 moto uliteketeza jengo la Bunge, moja ya majengo ya kihistoria ya mbao katikati ya Paramaribo. Nchi jirani ya Guyana ilikuwa na maumivu yake: kanisa kuu la Kikatoliki la mbao la Georgetown lilikuwa limeungua mwaka 1913, na siku ya Krismasi ya mwaka 2004 kanisa la Moyo Mtakatifu la mji huohuo, la mbao pia na la tangu karne ya 19, likateketea lote. Aliyetaka kujua mwisho wa kanisa la mbao lisilolindwa alikuwa na mifano karibu naye.

Kilichobadilisha mambo ni utambuzi na uvumilivu. Mwaka 2002 Shirika la UNESCO liliuorodhesha mji wa kale wa Paramaribo kuwa Urithi wa Dunia, kwa namna ulivyounganisha usanifu wa Kiholanzi na vifaa na ufundi wa wenyeji. Jimbo liliendelea kuchangisha na kuomba, na Umoja wa Ulaya ukakubali kugharimia ukarabati. Kazi kubwa ilianza mwaka 2007. Mafundi walilinyoosha jengo, wakang'oa kilicholiwa, wakaweka mbao mpya pale za zamani zilipokuwa zimekufa, na kuziacha za zamani pale zilipokuwa bado na nguvu. Mwaka 2010 milango ikafunguliwa, na misa ikarudi chini ya dari ya mwerezi.

Mwaka 2014, wakati wa Papa Fransisko, kanisa lilipewa hadhi ya basilika ndogo. Ni heshima ambayo Roma huyapa makanisa yenye nafasi ya pekee katika ibada na historia ya watu wao. Kwa jengo lililokuwa limefungwa miaka michache tu kabla, lilikuwa tangazo kwamba kusubiri hakukuwa bure.

Wajibu wa maadhimisho haya

Maadhimisho ya taasisi ya kale yana kishawishi kimoja: kuwasifu waliojenga na kuwasahau waliotunza. Bruda Harmes anastahili sifa zake, na Askofu Schaap vilevile. Lakini kazi yao ya miaka miwili na nusu isingetufikia bila kazi ya miaka 140 ya watu waliopanda juu ya paa kuziba matundu, waliopaka rangi upya, waliochangia sarafu baada ya misa, na waliokataa kukata tamaa katika ile miaka 20 ya milango kufungwa.

Na kazi haijaisha. Mchwa wa Paramaribo hawajui kwamba kanisa limekuwa basilika. Mvua za msimu ujao zitanyesha juu ya paa lilelile. Usalama wa jengo hili hautatokana na ukarabati mkubwa mmoja unaofanywa kwa fedha za wageni kila baada ya nusu karne. Utatokana na mambo madogo yanayofanywa kila mwaka: kukagua mbao kabla hazijalainika, kusafisha mifereji kabla haijafurika, kupima nyaya za umeme kabla hazijachoka, na kuwafundisha vijana useremala wa kale kabla wanaoujua hawajaondoka.

Hilo linatuhusu na sisi. Afrika Mashariki ina makanisa, misikiti, shule na majumba ya zamani yenye kenchi, sakafu na milango ya mbao ambayo inaoza taratibu huku wenyewe tukingoja mfadhili. Parokia, msikiti au shule inayoadhimisha miaka mia moja mwaka huu na itenge sehemu ya michango ya sherehe kwa ajili ya paa, na impe fundi mmoja jukumu la kulikagua jengo kila mwaka. Keki na fulana za maadhimisho hazifiki mwaka unaofuata. Boriti iliyobadilishwa kwa wakati wake itawafikia wajukuu.